Kizulia cha mabaki ya vitambaa: kamba yenye pamba, ukili wa kusuka au kroshia?

Gunia la mabaki ya vitambaa likishajaa pembeni ya cherehani, linadai kazi. Mito ya makochi hailimalizi. Shuka la viraka linataka vipande vinavyolingana, na mabaki ya fundi hayalingani: kipande cha kitenge kilichobaki kwenye sare ya harusi, ukingo wa khanga, mguu wa jinzi uliopunguzwa, shati la mtumba lililochanika kwapani. Kizulia ndicho kinachomeza vyote hivyo bila kuchagua, na hapa Mwanza kila nyumba ina mahali kinapohitajika, iwe chumba kimoja cha kupanga Mabatini au nyumba ya vigae Capri Point.

Nalinganisha hapa njia tatu. Ya kwanza ni ile iliyosambaa kutoka kwa washonaji wa Marekani: tepe za kitambaa zinakunjiwa pamba ndani, zinashonwa zikawa kamba moja ndefu, kisha kamba inazungushwa na kuunganishwa kwa cherehani. Ya pili ni ukili, yaani kusuka tepe tatu tatu zikawa msuko mmoja mrefu, kisha kuuzungusha na kuuunga kwa mkono. Ya tatu ni kroshia. Ipo na ya nne, ya vishungi kwenye gunia, ambayo nitaigusa tu.

Wengi huchagua kwa macho, na kwa macho kizulia cha pamba kinashinda kila mara: kinene, laini, rangi zimejipanga mzunguko kwa mzunguko. Ushauri wangu ni uanze na maji. Kizulia kitalala wapi? Kitalowa mara ngapi kwa wiki? Siku ya kufuliwa kitakauka wapi? Vuli yetu ni Oktoba hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei, na kizulia kinene kilichofuliwa asubuhi ya Aprili hukutwa na mvua ya mchana kikiwa bado kizito kama mtoto aliyelala. Ukishajibu maswali hayo matatu, sehemu kubwa ya uchaguzi imekwisha, na rangi utazichagua baadaye kwa raha zako.

Kamba yenye pamba ndani

Kule Marekani kilikotoka kizulia hiki, mshonaji hununua roli ya tepe zilizokatwa tayari kiwandani: vipande 40 hadi 42, kila kimoja upana wa inchi 2 na nusu na urefu wa inchi 42 hivi, kwa kuwa tepe hukatwa kufuata upana wa jora. Hununua pia roli ya pamba iliyokatwa kwa upana unaokaribiana na huo. Roli hizo mbili humpa kizulia cha umbo la yai chenye urefu wa sentimita 110 na upana wa sentimita 75 hivi.

Sisi tunakata wenyewe, na kazi haipungui ubora kwa hilo. Kitenge chetu kina upana wa sentimita 115 hivi. Ukikikata kwa kufuata upana, tepe za sentimita 6 na nusu, kila moja itakupa zaidi kidogo ya mita moja ya kamba baada ya kuungwa. Kizulia cha kando ya kitanda, sentimita 90 kwa 60, kinahitaji karibu mita 30 za kamba. Hiyo ni tepe 27 au 28, sawa na mita mbili tu za kitenge. Kwa mabaki, tafuta vipande vyenye urefu wa angalau mkono mmoja. Vifupi kuliko hapo vinaungika, lakini kila kiungo ni uvimbe, na kamba yenye viungo vingi haikubali kulala.

Tepe ziungwe kwa mshazari. Weka mwisho wa moja juu ya mwanzo wa nyingine ziwe pembe mraba, shona kutoka kona hadi kona, punguza kilichozidi, kisha piga pasi mshono ukiwa umefunguliwa. Kiungo cha mshazari hugawa unene kwenye urefu wa kamba. Cha kunyooka hurundika unene wote mahali pamoja, na sindano ikifika hapo inakatika.

Sasa pamba, ambako njia hii huwashinda watu wengi. Tupo kwenye nchi ya pamba. Zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania hulimwa ukanda huu wa magharibi, Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita na majirani zao, na msimu ukifika malori hupita yamebeba marobota. Mtu akisikia kizulia cha pamba anafikiri kazi ni rahisi: nafungua mto wa zamani, natoa pamba, najaza kamba. Haitafaa. Pamba ya kujaza mto ni nyuzi huru, hazijashikana. Ndani ya kamba zitakaa vizuri hadi siku ya kwanza ya kufuliwa, halafu zitajikusanya mabonge, na kizulia kitakuwa na sehemu zenye vinundu na sehemu zilizobaki kitambaa kitupu. Sufi ni hivyo hivyo. Pamba inayotakiwa ni ya tabaka, ile iliyotandazwa na kushikizwa kiwandani ikawa kama blanketi jepesi, inayouzwa kwa mita na kuwekwa ndani ya makoti. Hiyo ukiikata tepe inabaki tepe.

Ikikosekana, au bei yake ikikukatisha tamaa, blanketi kuukuu linafanya kazi hiyo vizuri, na mimi kwa kizulia cha sakafuni nalipendelea kuliko pamba yenyewe. Chukua lile jepesi la nyuzi za plastiki, la mtumba, ambalo halijanenepa sana. Halisinyai, halichanui nyuzi ukilikata, na hukauka upesi. Blanketi la mita moja na nusu kwa mbili, likikatwa tepe za sentimita 5 na nusu, linatoa zaidi ya mita 50, ambazo karibu zinatosha vizulia viwili vya kitandani. Likiwa nene, punguza upana uwe sentimita 4, maana kamba ikijaa kupita kiasi mguu wa cherehani hauipiti. Taulo kuukuu pia hutumika, ila kazi ya taulo ni kunywa maji na itaendelea kuyanywa ikiwa ndani ya kizulia. Sponji ya godoro iache kabisa: mguu wa cherehani unaikandamiza, sindano inaichana, na baada ya miezi michache ya kukanyagwa inageuka unga.

Kukunja kwenyewe kunahitaji subira tu. Utepe wa kitambaa unalala chini kifudifudi, utepe wa pamba juu yake katikati, kingo mbili zinakunjwa zikutane katikati, kisha unakunja tena nusu kwa nusu. Mshono wa kunyooka unapita karibu na upande uliofunguka. Hakikisha kiungo cha pamba hakiangukii kwenye kiungo cha kitambaa. Kamba ikitoka salama itakuwa na upana wa sentimita moja na nusu au zaidi kidogo.

Hatua hiyo yote inafanyika kwenye cherehani ya kawaida ya kukanyaga, ile nyeusi iliyojaa kwenye vibaraza vya mafundi. Kuunganisha mizunguko ndiko hakufanyiki. Kamba mbili zilizolala ubavu kwa ubavu zinashikwa na mshono wa zigizaga unaoruka kutoka moja kwenda nyingine, na cherehani ya mshono wa kunyooka haina njia ya kufanya hivyo. Kama huna ya zigizaga, tengeneza kamba nyumbani mpaka mwisho, izungushe kama mpira, kisha mpelekee fundi mwenye nayo mkubaliane kazi ya kuunganisha. Au iunge kwa mkono kwa mshono wa kujificha, jambo linalowezekana na linalochosha vidole sana, maana sindano inapita kwenye kitambaa cha kunjo nne na pamba katikati.

Mwenye zigizaga aweke upana wa mshono mkubwa, milimita 5 ukiwezekana, na sindano ya namba 14 au 16, ya jinzi. Mwanzo wa umbo la yai unapimwa hivi: toa upana unaoutaka kutoka kwenye urefu unaoutaka. Kwa sentimita 90 kwa 60, mstari wa katikati ni sentimita 30. Kunja kamba hapo na uanze kuzunguka, mwili wa kizulia ukibaki kushoto kwa sindano, nje ya shingo ya cherehani. Ukikaa hivyo, kizulia kinaweza kukua upendavyo.

Kosa linaloharibu vizulia vingi hutokea hapo, nalo linatoka mikononi. Ukivuta kamba unapozunguka kona, kingo zinainuka na kizulia kinakuwa bakuli. Ukiisukuma sana inazidi, kinafanya mawimbi. Kamba inatakiwa iingie yenyewe ikiwa imelegea, mkono ukiielekeza bila kuikaza, hasa kwenye zile kona mbili. Sababu ya pili ya bakuli ni meza: kizulia kikining'inia pembeni, uzito wake unavuta mshono. Meza iwe usawa mmoja na sahani ya cherehani. Kama cherehani yako imekaa juu ya meza, panga mbao au majarida kushoto kwake hadi usawa upatikane. Na kila baada ya mizunguko mitatu au minne, weka kizulia sakafuni ukitazame, ukipige pasi yenye mvuke. Bakuli la mizunguko mitatu linafumuliwa kwa muda mfupi, la mizunguko kumi linavunja moyo.

Ukikishona vizuri, hiki ndicho kizulia kinachopokea mguu asubuhi kwa upole kuliko vyote. Mzee mwenye maumivu ya magoti anayeswali juu ya saruji, mtoto anayejifunza kutambaa, mama anayekaa chini kuchambua mchele: kwao unene wa pamba ni msaada wa kweli, na hakuna njia nyingine kati ya hizi inayoufikia.

Ukili wa kitambaa

Anayejua kutengeneza mkeka au kikapu cha ukindu anaijua tayari nusu ya kazi hii. Ukili mrefu unasukwa kwanza, halafu unazungushwa na kushonwa. Badala ya ukindu tunatumia tepe tatu za kitambaa, na hakuna pamba, hakuna umeme, hakuna cherehani isipokuwa ukipenda kuungia tepe.

Tepe za kitenge zikatwe sentimita 5, za fulana 4 au 5, za jinzi 3 zinatosha. Unatafuta unene unaolingana baada ya kukunjwa, kwa hiyo kitambaa kizito kikatwe chembamba. Anza na tepe tatu zenye urefu tofauti, ili viungo visikutane mahali pamoja. Kunja kingo ndani unaposuka, nyuzi zinazochanuka zifichike. Suka kwa kukaza sawasawa: ukili uliolegea unanasa kidole cha mguu, uliokazwa sana unakuwa mgumu na haukubali kupinda.

Kuunga ndiko kunakotofautisha kazi nzuri na mbovu. Sindano butu, nene, inapita kwenye vitanzi vya ukili mmoja na wa jirani yake, ikipishana kushoto na kulia, bila kutoboa kitambaa. Kwenye kona, ruka kitanzi kimoja cha ukili mpya kila baada ya vitanzi viwili au vitatu, maana mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Usiporuka, bakuli lilelile linarudi.

Uzi wa kuungia, hapa ziwani tumebarikiwa. Uzi wa kushonea nyavu unauzwa kila kona ya mialo, hauozi, na unabeba uzito kuliko uzi wowote wa cherehani. Chagua ule uliosokotwa kwa nyuzi nyingi laini. Ule mmoja unaong'aa kama wa ndoana utakata kitambaa polepole, kwa kuwa ni mwembamba na mgumu.

Ubaya wa kusuka ni kwamba kunakula kitambaa. Kizulia kile kile cha 90 kwa 60 kinachotumia mita mbili za kitenge kwa njia ya pamba, hapa kinataka mita tatu na nusu hadi nne, kwa sababu tepe ni tatu na kila moja inafupika inaposukwa. Kwa anayenunua kitenge kipya hilo ni tatizo. Kwa mwenye gunia la mabaki ni faida, gunia linakwisha. Na ukili unavumilia mchanganyiko ambao kamba ya pamba haiwezi: fulana na kitenge na shuka pamoja, tepe fupi fupi, rangi zisizoelewana. Zikishasukwa, zinaelewana.

Kizulia cha ukili kina nafasi ndogo ndogo kati ya mizunguko, na nafasi hizo ndizo zinazonifanya nikiweke mlangoni na bafuni bila kusita. Maji yanashuka, hewa inapita, jua la mchana mmoja wa kiangazi linakimaliza. Pande zote mbili zinafanana, kwa hiyo kikichakaa upande mmoja unakigeuza. Uzi wa kuungia ukikatika, unaunga pale palipokatika, usiku huohuo, kwenye mwanga wa tochi.

Kroshia

Kroshia inataka kulabu nene, milimita 10 au zaidi, na fulana. Nasema fulana kwa mkazo kwa sababu kitenge kilichokatwa tepe kinachanua nyuzi na kukwama kwenye kulabu, wakati fulana ukiivuta inajikunja yenyewe ikawa uzi mnene. Kata fulana kwa kuzunguka kutoka pindo hadi chini ya kwapa, upana wa sentimita 3, upate uzi mmoja mrefu bila kiungo. Kwenye soko la Mlango Mmoja kuna fulana za mtumba za kila rangi, na zenye doa ambazo hakuna anayetaka kuzivaa ndizo zako.

Ni njia nzuri ya kujifunzia, maana kosa linafumuliwa kwa kuvuta tu. Lakini kizulia cha kroshia kinavutika. Ukikiinua kikiwa kimelowa, uzito wa fulana zilizojaa maji unakirefusha, na umbo halirudi lote. Mikono nayo inalipa: kulabu nene na uzi mnene vinaumiza kifundo, hasa kwa aliyeshinda kwenye cherehani siku nzima. Mimi naiona kuwa kazi ya kizulia kidogo cha duara, cha kukanyagia mbele ya kabati au kuwekea chungu cha maua. Kwa kizulia cha mlangoni kinachokanyagwa na nyumba nzima, siichagui.

Vishungi kwenye gunia, yaani kuchomeka vipande vidogo vidogo vya kitambaa kwenye gunia la katani vikasimama kama manyoya, ni njia ya kumaliza vipande ambavyo havifai popote pengine. Vinapendeza chumbani. Kwenye nyumba za ufukweni, Igombe au Luchelele, vinakusanya mchanga ambao hautoki hata ukivipiga ukutani. Wapo wanaouliza kama wavu chakavu unaweza kushika nafasi ya gunia. Wa sangara macho yake ni mapana mno, wa dagaa ni madogo mno, na nyavu zote mbili zinateleza.

Vikiwekwa kimoja kando ya kingine

Kwa pesa, tofauti kati ya ukili na kamba ya pamba ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukili ukitoka kwenye mabaki, unanunua uzi wa nyavu tu. Kamba ya pamba inataka pamba au blanketi, sindano zaidi ya moja, na uzi mwingi, kwa maana kila sentimita ya kamba inashonwa mara mbili, mara ya kuikunja na mara ya kuiunga. Ukimlipa fundi wa zigizaga, ongeza hiyo. Kroshia ipo katikati, kulabu ikishanunuliwa.

Kwa muda, mambo yanageuka. Mwenye cherehani nzuri na meza pana anaweza kumaliza kizulia cha pamba mwisho wa juma mmoja akiwa amekata tepe mapema. Ukili ni kazi ya jioni nyingi. Lakini jioni hizo zinabebeka: unasuka dukani ukisubiri wateja, unasuka kwenye kivuko cha Kamanga, unasuka umeme ukikatika. Kwa mama anayeuza genge, muda wa namna hiyo anao, na muda wa kukaa mbele ya cherehani saa nne mfululizo hana.

Kwa mchanga, kila kimoja kina tabia yake. Kamba ya pamba imebanana, mchanga unakaa juu na kuporomoka ukikikung'uta. Ukili unaupitisha ukaanguka chini, kwa hiyo kiinue kila siku ufagie, la sivyo mchanga ule unasugua kitambaa kutoka chini hadi kitoboke.

Kwa maji nimeshasema, ila niongeze jinsi ya kufua, maana vizulia vingi huharibikia kwenye beseni. Vitambaa vyote vifuliwe kabla ya kukatwa, na blanketi pia. Pamba husinyaa mara ya kwanza, na kitambaa kikisinyaa baada ya kushonwa kizulia chote kinajikunja. Khanga nyekundu na vitenge vya buluu iliyoiva vifuliwe peke yake, mara nyingi kadiri itakavyohitajika, mpaka maji ya kusuuza yatoke meupe. Ukishachanganya nyekundu inayochuja na nyeupe ndani ya kizulia kimoja, hakuna sabuni itakayovitenganisha. Kizulia cha pamba kisikamuliwe kwa kusokota, kikandamize maji yatoke. Usikitundike kwenye kamba: uzito unavuta mishono na kuacha alama ya mkunjo. Kilaze. Wenye mawe karibu na nyumba, na mji huu mawe si haba, mmepata kianikio bora: jiwe lililopigwa na jua tangu asubuhi linakausha kizulia kutoka chini huku jua likikausha juu. Kwa masika, cha pamba kiache bila kufua hadi upate siku ya jua ya kuaminika. Kikibaki na unyevu ndani siku mbili au tatu, kinapata uvundo ambao kufua tena hakuuondoi kwa urahisi.

Kwa kuteleza, vyote ni hatari kwenye vigae na kwenye saruji iliyopigwa nta. Kata mpira wa ndani wa baiskeli ukawa vipande vyembamba, uvishone upande wa chini, pembeni na katikati. Kamba ya pamba ina hatari ya ziada, ukingo wake una unene wa zaidi ya sentimita moja, na mzee anayeburuza miguu anaweza kujikwaa. Kwake, kizulia kikae kando ya kitanda ambako miguu inashukia, kisikae kwenye njia ya kupitia.

Nani achukue kipi

Ukitaka kutengeneza kimoja tu, na ndicho cha kwanza, na nyumba yako ina mlango unaofunguka kwenye vumbi au mchanga, suka ukili. Utatumia ulichonacho, utajifunza mkono wa kuzunguka kona bila kukaza, na kosa lako litafumuliwa bila kuharibu kitambaa. Mkono huohuo utakufaa ukija kwenye kamba ya pamba.

Chukua kamba ya pamba ukiwa na mtu wa kumtengenezea: mzazi, mtoto mchanga, au wewe mwenyewe ukiwa na sakafu baridi ya kukanyaga alfajiri ya Julai. Iwe ya chumbani, mahali pakavu. Uwe na zigizaga au fundi unayemwamini. Na blanketi liwe tayari ndani ya nyumba kabla hujakata utepe wa kwanza wa kitenge, kwa sababu upana wa utepe unaamuliwa na unene wa kitakachowekwa ndani yake.

Kwa anayetaka kuuza, jibu langu linabadilika. Mteja akishika kizulia cha pamba anakubali haraka kukilipia, kwa kuwa ni kizito na kimenyooka. Cha ukili analinganisha na kikanyagio cha mpira cha dukani na kutaka bei hiyohiyo, hata kama umekisuka jioni nyingi. Hivyo ukili utengeneze kwa nyumba yako na kwa zawadi, kizulia cha pamba ndicho upeleke sokoni, na umweleze mnunuzi waziwazi kwamba si cha bafuni. Atakayekiweka bafuni na kukiona kimevunda atawaambia wenzake, na wenzake ni wateja wako.

Mwisho, kuhusu mabaki yenyewe. Mafundi wengi wa mjini wanayatupa au kuyachoma kila jioni, na ukiwaomba kwa heshima watakuwekea. Peleka mfuko wako mwenyewe, pitia siku ileile kila juma, na ukifika nyumbani yatenge mara moja: marefu kuliko mkono upande wa kamba ya pamba, mafupi upande wa ukili, fulana peke yake. Vitambaa vya kuteleza, satini na lasi, vitoe. Kwenye ukili vinachomoka, na kwenye kamba vinasogea chini ya mguu wa cherehani hata ukivishika kwa pini.